Karume, Mwanayanga aliyewavua watani jina la Kizungu

Ligi ikisimama na dirisha la usajili likifunguliwa, vijiwe vya Same mjini havina stori nyingine. Kuanzia stendi hadi kule juu milimani, Mbaga, Chome na Suji, watu wanapanga kikosi cha msimu ujao kwa mdomo: nani aje, nani aachwe, nani kalipwa mamilioni ya bure. Makande yanapoa sahanini, ubishi unaendelea.

Katika ubishi huo kuna marehemu mmoja ambaye Yanga na Simba wote wana haki ya kumdai. Ni Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar.

Wengi wanamjua kwa mapinduzi na Muungano. Kwamba alikuwa shabiki wa mpira, tena wa Yanga damu, vijana wengi hawajui.

Karume alizaliwa mwaka 1905. Shule hakukaa nayo sana. Aliingia baharini akiwa kijana, akafanya kazi kwenye meli za mizigo na kuzunguka bandari nyingi za dunia. Aliporudi Unguja alijiunga na wenzake kwenye kazi ya motaboti, kuwavusha abiria kati ya meli na nchi kavu.

Unguja ya siku zile, mpira na siasa vililala nyumba moja. African Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1934, kilitokana na vilabu vya michezo vya Waafrika. Waliokutana jioni uwanjani ndio hao hao waliokutana usiku kwenye mikutano. Karume alitoka kwenye mazingira hayo, na mwaka 1957 akawa kiongozi wa Afro-Shirazi Party.

Mapinduzi yakaja Januari 12, 1964. Aprili 26 mwaka huo huo nchi mbili zikaungana, Karume akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kwa hiyo Mpare wa Same, ambaye pengine bahari hajawahi kuiona, naye akawa na kiongozi kutoka Unguja.

Sasa njoo kwenye mpira wenyewe.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata wenzao wakajitenga na kuunda timu yao, ikaitwa Queens, baadaye Eagles, halafu Sunderland. Ndiyo, Sunderland, jina la mji wa Uingereza na timu yake. Ubingwa wa taifa wa 1965 na ule wa 1966 ulichukuliwa na timu ya Kariakoo yenye jina la Wazungu.

Kisha upepo ukageuka. Juni 1, 1968 Yanga waliwafunga Sunderland mabao 5-0, kipigo ambacho wazee bado wanakisimulia kama cha juzi. Yanga wakabeba ubingwa mwaka huo, na uliofuata, na uliofuata. Mwaka 1969 walifika robo fainali ya klabu bingwa Afrika, wakatoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, wakaondolewa kwa kura tu. Inauma mpaka leo.

Hiyo ndiyo Yanga aliyoipenda Karume. Wazee wa klabu wanamkumbuka kama mtu aliyetoa msaada mkubwa hadi makao yao ya Jangwani yakasimama. Shabiki wa kawaida hununua jezi. Huyu alisaidia kujenga nyumba.

Lakini mwaka 1971 alifanya jambo ambalo mashabiki wachache wangelifanya: aliwashauri watani wake. Aliwataka Sunderland waachane na jina la kikoloni na wachukue la Kiswahili. Wakakubali, wakawa Simba.

Ukilitazama vizuri, halishangazi. Mtu aliyeingia madarakani kwa mapinduzi hawezi kufurahia kusikia maelfu ya Waswahili wakishangilia jina la mji wa Uingereza, hata kama maelfu hao ni wapinzani wake uwanjani. Kinachochekesha ni kwamba Young Africans yenyewe ilibaki na Kiingereza chake. Watani wakilitaja hilo, Mwanayanga hubadilisha mada.

Asisifiwe kupita kiasi, hata hivyo. Zanzibar ya Karume ilikuwa na sura mbili. Wakulima waligawiwa ardhi eka tatu tatu, na shule na matibabu vikawa bure. Lakini muda wote wa utawala wake uchaguzi haukufanyika. Wapinzani walifungwa, wengine hawakuonekana tena. Kuna familia ambazo jina lake halitajwi kwa furaha.

Ijumaa jioni, Aprili 7, 1972, alikuwa makao makuu ya chama Kisiwandui, akicheza bao na wenzake. Watu wenye silaha waliingia wakafyatua risasi. Karume akafa hapo, na hapo hapo Kisiwandui ndipo alipozikwa. Aboud Jumbe akachukua nafasi yake.

Same wakati huo ilikuwa makao makuu ya Wilaya nzima ya Pare, Mwanga ikiwa bado haijakatwa. Kwa vijiji vya milimani, njia ya haraka ya kupata habari ya taifa ilikuwa Radio Tanzania, redio ile ile iliyowaletea matangazo ya mpira. Safari hii ilileta msiba. Kwa Wanayanga ulikuwa msiba mara mbili: wamepoteza Makamu wa Rais na wamepoteza mwenzao.

Mwaka huo Yanga walichukua ubingwa wa tano mfululizo.

Mwaka 1973 ubingwa ukaenda kwa Simba, wa kwanza chini ya jina jipya, na 1974 wakafika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika. Karume hakuwepo kuona timu aliyoitafutia jina ikiitesa timu aliyoipenda.

Aprili 7 ni sikukuu ya taifa. Uwanja wa Ilala, Dar es Salaam, ambako TFF ina makao yake, unaitwa Karume. Simba na Yanga wote wamecheza humo.