Thomas Cranmer: askofu aliyeshikamana na mfalme



Kila mara utawala unapobadilika, makanisa yetu ya mashariki hukutana na swali lile lile: mtumishi wa Mungu amfuate kiongozi wa siasa mpaka wapi? Wako wachungaji ambao jina la mheshimiwa fulani halikosi katika maombi yao ya Siku ya Bwana. Wako waamini wanaoona kwamba kumwacha kiongozi aliyetusaidia kuezeka kanisa ni kukosa shukrani. Tunapenda kulitazama swali hilo katika maisha ya mtu aliyekufa zamani, Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury huko Uingereza. Ndugu zetu Waanglikana, kutoka Boga mpaka Bukavu, wanasali kwa taratibu zenye mizizi katika kitabu alichokitengeneza yeye. Lakini maisha yake yanatufundisha Waprotestanti wote.

Mwalimu aliyeitwa ikulu

Cranmer alizaliwa tarehe 2 Julai 1489 katika kijiji cha Aslockton. Alisoma Cambridge, akawa mwalimu huko. Alioa akingali kijana, lakini mke wake alifariki katika kujifungua, na mtoto naye akafa. Cranmer akarudi kwenye vitabu vyake, akawekewa mikono kuwa padri. Mpaka alipofikisha miaka 40, watu wachache nje ya chuo walimjua.

Mwaka 1529 mfalme Henry wa Nane alitaka ndoa yake na Catherine wa Aragon ivunjwe. Mtoto wao aliyebaki hai alikuwa binti mmoja tu, Mary, na mfalme alitaka mwana wa kurithi kiti. Papa wa Roma hakukubali. Cranmer alitoa shauri kwamba walimu wa theolojia wa vyuo vikuu vya Ulaya waulizwe. Shauri lilimfikia mfalme, likampendeza, na tangu siku hiyo Cranmer akawa mtu wake.

Mwaka 1532 alitumwa kuwa balozi kwa Kaisari Charles wa Tano. Alipofika Nuremberg, akaoa tena kwa siri, mwanamke aliyeitwa Margarete, wa jamaa ya mchungaji mmoja Mluteri. Kabla hajakaa sana, mfalme akamwita arudi awe askofu mkuu. Aliwekwa wakfu tarehe 30 Machi 1533. Tarehe 23 Mei mwaka ule ule alitangaza kwamba ndoa ya mfalme na Catherine haikuwa ndoa halali. Juma moja na siku chache baadaye akamvika taji malkia mpya, Anne Boleyn. Binti Mary, aliyekuwa na miaka 17, aliona mama yake akishushwa kwa hukumu ya Cranmer. Tukumbuke jambo hilo.

Si vema kumwita Cranmer mtu wa tumbo lake tu. Aliamini kwa moyo, akisoma Warumi 13, kwamba Mungu amempa mfalme mamlaka juu ya watu wote wa nchi yake, na juu ya kanisa pia, na kwamba Papa hana haki hiyo. Kwake kumtii Henry kulikuwa njia ya kumtii Mungu. Hapo ndipo penye nguvu ya uaminifu wake, na hapo ndipo penye mtego.

Aliomba, kisha akatia sahihi

Mwezi wa Mei 1536 Anne Boleyn alikamatwa na kushitakiwa uzinzi na uasi. Cranmer alikuwa rafiki yake na baba wa ubatizo wa binti yake Elizabeth. Alimwandikia mfalme kwamba anashangaa, kwa sababu alimheshimu sana malkia huyo. Lakini katika barua hiyo hiyo alikubali kwamba mfalme hawezi kuwa amefanya hivyo bila sababu. Tarehe 17 Mei alitangaza kwamba ndoa hii nayo ni batili. Siku mbili baadaye Anne alikatwa kichwa.

Mwaka 1540 ilikuwa zamu ya waziri Thomas Cromwell, aliyefanya kazi bega kwa bega na Cranmer. Tena Cranmer aliandika barua ya kumtetea, tena barua ikaishia katika kukubali, na Cromwell akauawa. Wengine katika baraza la mfalme hawakuthubutu hata barua ile, na tumhesabie hilo. Lakini njia yake ilikuwa moja: alisihi kwa upole mpaka pale mfalme alipoweka mpaka, kisha akanyamaza na kutia sahihi.

Nyumbani kwake pia alilipa. Mwaka 1539 mfalme alipitisha sheria ya Vifungu Sita, iliyokaza kwamba mapadri wasioe. Cranmer aliipinga ilipojadiliwa. Ilipopita, alimrudisha Margarete Ujerumani. Mwaka mmoja kabla yake, aliketi miongoni mwa wale walioshindana na John Lambert, mtu aliyekana kwamba mkate wa Meza ya Bwana hugeuka kuwa mwili wa Kristo. Lambert alichomwa moto. Miaka michache baadaye Cranmer mwenyewe aliacha fundisho lile la kale na kuingia katika njia ileile.

Mfalme naye alimpenda. Mwaka 1543 makasisi wa Kent walimshitaki kuwa mzushi. Henry alimpokea katika mashua yake, akamweleza kwa mzaha kwamba sasa anamjua mzushi mkubwa wa Kent, kisha akampa Cranmer mwenyewe kazi ya kuchunguza mashitaka yale. Wazee wa baraza walipotaka kumkamata, mfalme alimpa pete yake ya kidole; alipoitoa mbele yao, wote wakanyamaza. Henry alipofariki, tarehe 28 Januari 1547, mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Cranmer. Askofu akaacha ndevu zake ziote kwa maombolezo.

Matunda, na siku ya kuvuna

Uaminifu huo ulizaa mema, wala tusiyafiche. Mwaka 1538 amri ilitoka kwamba kila parokia iwe na Biblia kubwa ya Kiingereza, na Cranmer aliiandikia Biblia hiyo utangulizi mwaka 1540. Chini ya Edward wa Sita, mwana wa Henry, alitoa Kitabu cha Sala mwaka 1549, na toleo la pili mwaka 1552. Mkulima na mama wa sokoni wakaanza kumwomba Mungu kanisani kwa lugha waliyoielewa.

Lakini Edward alikufa tarehe 6 Julai 1553, akiwa na miaka 15. Kabla ya kufa alimteua Jane Grey amrithi. Cranmer alisita kutia sahihi, kwa kuwa sheria ilimpa Mary kiti. Mfalme kijana alimsihi, akatia sahihi. Baada ya siku chache Mary alishinda, na yule binti wa Catherine akawa malkia.

Cranmer hakukimbia. Alitiwa gerezani, akahukumiwa kwa uasi, kisha kwa uzushi. Mwezi wa Oktoba 1555, huko Oxford, alilazimika kutazama ndugu zake Latimer na Ridley wakienda kuchomwa. Hapo mafundisho yake yakamgeukia. Alikuwa amefundisha miaka 20 kwamba mtawala ni kichwa cha kanisa la nchi yake. Sasa mtawala huyo alimwamuru arudi chini ya Papa. Kama ni wajibu kutii, atasimama wapi? Peke yake, mzee, bila mfalme wa kumpa pete, alitia sahihi karatasi moja baada ya nyingine za kukana imani yake.

Kwa desturi mzushi aliyetubu aliachwa hai. Mary hakukubali. Tarehe 21 Machi 1556 Cranmer aliletwa kanisani Oxford asome toba yake mbele ya watu wote. Badala yake alikana karatasi zile zote, akasema kwamba mkono uliozitia sahihi ndio utakaoungua kwanza. Moto ulipowashwa, aliunyosha mkono wa kuume ndani yake. Alikuwa na miaka 66.

Neno kwetu

Cranmer anatufundisha kwamba kumpenda kiongozi si dhambi, na kumwombea ni amri. Kubaki naye wakati wengine wanamkimbia kunaweza kuwa tendo la heshima. Kosa linaanza pale dhamiri yetu inapowekwa mkononi mwake, tukidhani Mungu atasema nasi kwa kinywa chake tu. Kiongozi huyo atakufa, au ataondolewa, na atakayekuja ataikuta dhamiri yetu imekwisha kuzoea kuinama. Mitume katika Matendo 5 walikuwa wamejua tangu mwanzo ni nani anayetiiwa kwanza. Cranmer alilijua hilo kwa uwazi saa moja kabla ya kufa.

Basi, wachungaji na wazee wa makanisa, kabla hatujaahidi kura za washirika wetu au kupokea bati na gari, tujiulize: siku mheshimiwa huyu atakapotuomba sahihi yetu juu ya jambo lisilo haki, je, tutaweza kuuzuia mkono? Tukiona kwamba hatutaweza, tumwombee mtu huyo kwa uaminifu, lakini tusimkabidhi kanisa. Kanisa lina Kichwa chake, naye habadilishwi na uchaguzi wala na vita.