Maloba, Mkenya aliyeunda uhuru wa Uganda

Mfanyabiashara wa Ayivu anayeshuka Arua Park, Kampala, akitembea kidogo hadi Barabara ya Speke hukuta sanamu ndefu ya zege. Mtu mzima amefungwa vitambaa kuanzia miguuni, kama mzigo uliokazwa kamba kwa safari. Amemwinua mtoto asiye na kifungo chochote, mikono juu. Hiyo ndiyo Sanamu ya Uhuru wa Uganda. Aliyeiunda ni Mkenya, Gregory Maloba.

Maloba alizaliwa Mumias mwaka 1922. Miaka 20 tu kabla ya hapo Mumias ilikuwa Uganda; Waingereza waliihamishia upande wa Kenya mwaka 1902. Arua nayo ilipita mikononi mwa Wabelgiji, kisha Sudan, ndipo ikaingizwa Uganda mwaka 1914. Mumias ilitolewa, Arua ikaingizwa, na wenyeji hawakuulizwa.

Kipaji chake kililelewa Makerere na mwalimu Mwingereza, Margaret Trowell. Mwaka 1941 aliunda sanamu aliyoiita Kifo. Alisoma zaidi Uingereza, akarudi Makerere kufundisha uchongaji.

Uganda ilipokaribia uhuru wa Oktoba 9, 1962, kazi ya kuunda sanamu ya taifa ilimwangukia yeye. Hakuweka mfalme wala kiongozi wa chama. Mtu wake hana kabila, na vifungo vyake havikufichwa: mtoto yuko huru, lakini aliyembeba bado amefungwa. Kizazi kilichoteseka chini ya ukoloni kilimwinua mwenzake kabla chenyewe hakijafunguka.

Baadaye Maloba alirudi Kenya, akafundisha Nairobi. Mwaka 1976 Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Koboko, alidai kuwa magharibi mwa Kenya ni ardhi ya Uganda. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Sanamu ilibaki palepale.

Maloba alifariki mwaka 2007. Tangu mwaka 2010 sanamu yake imechapwa kwenye noti zote mpya za shilingi ya Uganda. Kila siku kazi ya mtoto wa Mumias inavuka Vurra kwenda Kongo na Oraba kwenda Sudan Kusini, mfukoni mwa wafanyabiashara, bila kuulizwa kitambulisho. Wanaoibeba ndio wanaosimamishwa na kufunguliwa mizigo.