Ibn al-Haytham, mgeni wa Cairo aliyetufundisha tunavyoona

Kabla ya kurudi nyumbani nilifundisha sayansi Dzaleka, Malawi, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda. Baba yangu aliuza vitenge Old Town, Lilongwe. Asubuhi moja alianza kutowaona wateja waliosimama kulia kwake. Jirani akasema karogwa. Muuza dawa mmoja akamuuzia matone ya macho, na faida ya mwezi mzima ikaishia huko. Alipopimwa hospitali, macho yalikuwa mazima. Kilichougua ni ubongo: alikuwa amepata kiharusi.

Hapo nikamkumbuka Ibn al-Haytham, ambaye ningependa nanyi mmfahamu.

Alizaliwa Basra, Irak, yapata mwaka 965. Khalifa al-Hakim wa Misri alimwita Cairo baada ya kusikia kwamba anaweza kuyadhibiti maji ya Nile, mto uletao maji ya kwetu Maziwa Makuu. Alipofika kusini, karibu na Aswan, akaona kazi haiwezekani. Inasimuliwa kwamba kwa kuogopa hasira ya khalifa alijifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baadaye aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hesabu. Sisi tuliokula jasho letu ugenini tunayajua maisha hayo.

Katika miaka hiyo aliandika Kitab al-Manazir, kitabu cha mambo ya kuona, juzuu saba. Wengi kabla yake waliamini kuwa jicho hutoa miali inayokwenda kugusa vitu. Yeye alionyesha kinyume: mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia machoni. Alifanya majaribio kwa taa na chumba chenye giza kilichotobolewa tundu dogo. Alieleza pia mishipa miwili inayotoka machoni na kukutana njiani kuelekea kwenye ubongo, akasema kuona hukamilika huko ubongoni.

Hakupatia yote. Alidhani lenzi ndiyo inayopokea picha. Kepler alionyesha mwaka 1604 kwamba ni retina, utando ulio nyuma ya jicho. Leo tunajua pia kwamba mishipa ile inapokutana, nusu ya nyuzi zake huvuka upande wa pili. Kwa hiyo mambo ya kulia husomwa na ubongo wa kushoto, na ya kushoto husomwa na wa kulia, sehemu ya nyuma, kisogoni. Ndiyo maana baba alipoteza upande wa kulia kwa macho yote mawili. Matone yasingefika huko.

Ibn al-Haytham alifariki Cairo yapata mwaka 1040. Kitabu chake kilitafsiriwa Kilatini na kuchapwa Basel mwaka 1572.

Baba tulimhamishia meza, ukuta ukawa kulia kwake na wateja wakaja kushotoni. Akazoea kugeuza shingo, biashara ikaendelea. Lakini mwezi ule wa matone haukurudi. Wenzangu mnaovuka Kasumulu na mizigo, mtu akipoteza kuona ghafla, hata upande mmoja tu, msimnunulie dawa ya mezani. Mfikisheni hospitali saa hiyo hiyo.