Rachel Carson, mwanamke aliyeonya dunia juu ya sumu ya DDT

Mjini Bunia, jimboni Ituri, malaria ingali inaua watoto, na wakulima wa nyanya na kabeji wanategemea dawa za kuua wadudu ili kuokoa mavuno yao. Namna ya kupigana na wadudu bila kudhuru mwili wa mtu ni swali la zaidi ya miaka 60. Aliyeliweka mbele ya dunia nzima ni Mmarekani Rachel Carson.

Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 huko Springdale, jimbo la Pennsylvania, katika familia yenye mali kidogo. Alisomea elimu ya wanyama na kupata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1932. Baba yake alipofariki mwaka 1935, mzigo wa nyumba ulimwangukia. Akaingia kazi katika ofisi ya serikali ya uvuvi, na huko akaanza kuandika juu ya bahari. Kitabu chake cha mwaka 1951 kilimpa jina kubwa, akaacha kazi ya ofisi.

Wakati huo DDT ilisifiwa kila mahali. Ilikuwa imekinga askari na malaria wakati wa vita kuu ya pili, na Mswisi Paul Müller, aliyegundua nguvu yake ya kuua wadudu, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1948. Ndege zilinyunyiza dawa hiyo juu ya mashamba, misitu na hata nyumba za watu.

Kitabu cha Carson, Silent Spring, kilitoka Septemba 1962. Ndani yake alionyesha kwamba sumu hizi haziishii kwa mdudu. Kwenye ziwa la Clear Lake, California, dawa ya jamii ya DDT ilitiwa majini ili kuua vijidudu. Ikaingia katika viumbe vidogo, kisha katika samaki, na ndege waliokula samaki wakafa. Sumu hukaa katika mafuta ya mwili na kuongezeka kila hatua. Carson alieleza pia kwamba ini likiharibiwa na sumu hushindwa kupunguza homoni za uzazi zilizozidi, na kansa inaweza kufuata.

Kampuni za kemikali zilimshambulia vikali. Wengine walimdharau kwa kuwa mwanamke asiye na mume. Hawakujua kwamba alikuwa akiugua kansa ya titi; aliificha ili maadui wasiitumie dhidi ya kazi yake. Juni 1963, akiwa mgonjwa sana, alitoa ushahidi mbele ya Seneti. Aliaga dunia tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na miaka 56.

Marekani ilikataza DDT mashambani mwaka 1972. Mwaka 1991, wanasayansi waliokutana Wisconsin pamoja na Theo Colborn walizipa sumu za aina hii jina: kemikali zinazovuruga homoni. Homoni ni wajumbe wa mwili wanaopita katika damu na kuongoza ukuaji na uzazi. Mjumbe akidanganywa, mtoto aliye tumboni ndiye wa kwanza kuwa hatarini.

Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unaruhusu DDT kwa ajili ya kupambana na wadudu wanaoeneza magonjwa tu, kama mbu wa malaria. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda iliinyunyiza ndani ya nyumba mwaka 2008, katika wilaya za Apac na Oyam, na jambo hilo likafika mahakamani.

Carson hakudai dawa zote zitupwe. Alitaka zitumiwe kidogo na kwa ujuzi, tena alionya kwamba mbu anayenyunyiziwa ovyo huzoea sumu. Kwa wakaaji wa Bunia, maana yake ni wazi: kulala ndani ya chandarua, kungoja siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna mboga, na kutoteka maji kwa bidoni iliyobeba dawa.