Albrecht Dürer, Mchoraji wa Mikono Inayosali

Katika nyumba nyingi za Wakristo imetundikwa picha ya mikono miwili iliyounganishwa kwa kusali, wala mwenye mikono haonekani. Juu yake husimuliwa hadithi ya ndugu wawili maskini, ya kwamba mmoja alifanya kazi ngumu katika mashimo ya madini hata vidole vyake vikaharibika, ili mwenziwe apate kujifunza uchoraji. Hadithi hiyo yapendeza, lakini haina ushahidi, wala hatuihitaji. Habari ya kweli yatosha.

Aliyeichora ni Albrecht Dürer. Alizaliwa tarehe 21 Mei mwaka 1471 katika mji wa Nürnberg, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mfua dhahabu, mtu mcha Mungu asiye na mali nyingi. Mama yake, Barbara, alizaa watoto 18, na wengi wao walikufa. Albrecht alianza kujifunza kazi ya baba yake. Lakini alipokuwa wa miaka 13 alijitazama katika kioo akauchora uso wake, na picha ile ipo hata leo. Kisha akamwambia baba yake ya kuwa moyo wake wavutwa na uchoraji. Mzee alisikitika kwa ajili ya wakati uliopotea, hata hivyo akakubali, na mwaka 1486 akamtia kwa fundi Michael Wolgemut. Mwaka 1498 Dürer alitoa picha 15 za Ufunuo wa Yohana, zilizochongwa katika mbao na kupigwa chapa, nazo zikamjulisha mbali.

Habari za kazi yake twazijua kuliko za mafundi wengi wa zamani zile, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa kuandika. Tajiri mmoja wa Frankfurt, jina lake Jakob Heller, alimwagiza picha ya madhabahu, ambayo chini yake mitume wamesimama wakitazama juu. Wakapatana gulden 130. Basi Dürer hakukimbilia rangi. Katika mwaka 1508 alichora kwanza vichwa, nguo, miguu na mikono, kila kitu katika karatasi yake. Mikono ile inayosali ni ya kazi hiyo: mikono ya mtume mmoja, iliyochorwa kwa burashi juu ya karatasi ya buluu.

Alipoanza ubao wenyewe alipaka rangi mara tano, hata mara sita, ili idumu. Tena buluu yake ilisagwa katika jiwe la thamani litokalo nchi za mbali za mashariki, nayo ilikuwa ghali mno. Akaona kwamba malipo hayatamlisha, akamwandikia Heller kuomba gulden 200. Heller akakasirika. Kwa kweli mapatano ni mapatano, na tajiri yule alikuwa na haki yake. Lakini Dürer alimweleza waziwazi kwamba picha za kawaida aweza kufanya nyingi kwa mwaka mmoja, bali kazi ya uangalifu namna hii yamfanya mtu kuwa maskini. Mwisho Heller alilipa. Picha ilipopelekwa mwaka 1509, Dürer alimwagiza aitunze isichafuke, wala isinyunyiziwe maji, akitumaini ya kuwa itakaa safi miaka 500. Ikateketea kwa moto huko München mwaka 1729. Ule ubao wa gharama kubwa haupo tena. Karatasi ya matayarisho ndiyo iliyobaki, nayo yahifadhiwa Wien.

Alifundisha ya kwamba ustadi umefichwa ndani ya viumbe, na mchoraji hana budi kuutafuta humo kwa kutazama. Mwaka 1514 alimchora mama yake kwa kaa, mifupa ya uso ikionekana na macho yamechoka, pasipo kumpamba hata kidogo. Miezi miwili baadaye mama akafariki. Mwaka uliofuata alichora faru wa Bara Hindi aliyeletwa Lisbon, asimwone mwenyewe, ila kwa barua na mchoro wa mtu mwingine. Wasomaji waliokwisha kuona faru watacheka, maana alimpa pembe ndogo mgongoni!

Hata ndoto hakuiacha ipotee. Usiku mmoja baada ya Pentekoste ya mwaka 1525 aliona maji mengi yakianguka kutoka mbinguni kwa kishindo, akaamka akitetemeka. Asubuhi akayachora kwa rangi, akaandika chini yake mahali yalipoangukia na jinsi alivyoogopa.

Vitabu vya Martin Luther alivisoma kwa bidii. Mwaka 1520 aliandika ya kuwa atamani kumchora, kwa sababu mtu huyo alimtoa katika mashaka makubwa. Lakini picha hiyo hakuifanya kamwe. Mwaka 1526 aliwapa wazee wa mji wa Nürnberg picha mbili ndefu za Yohana, Petro, Marko na Paulo, na chini yake yaliandikwa maneno ya Biblia kwa tafsiri ya Luther.

Alikufa tarehe 6 Aprili 1528. Kitabu chake cha vipimo vya mwili wa mwanadamu, alichokitaabikia miaka mingi, kilikuwa bado mikononi mwa wapiga chapa; mjane wake, Agnes, alikitoa mwaka huo huo.