Fundi Aliyefungua Njia ya Mpwapwa



Kila mwaka sisi wa nyanda hizi za Dodoma hupanda uwele na mtama bila kujua kama mvua itatosha. Tena wako kati yetu waliozika mume, mke au mtoto, na hata leo hawajui Mungu anawapeleka wapi. Kwa ajili yao tumeona vema kukumbuka maisha ya Alexander Mackay, aliyetoka jasho katika nchi yetu.

Mackay alizaliwa Rhynie, Scotland, tarehe 13 Oktoba 1849, mwana wa mchungaji. Mama yake alifariki yeye angali kijana. Alisomea uhandisi, akafanya kazi Ujerumani. Mwaka 1876 C.M.S. ilimtuma pamoja na wenzake saba kwenda Uganda kwa Kabaka Mutesa. Siku ya kuagana aliwaonya wazee wa chama kwamba kabla ya miezi sita huenda wakasikia mmoja wao amekufa. Wasikate tamaa, bali wamtume mwingine. Ikawa hivyo. Mwezi wa Agosti James Robertson alifariki Zanzibar.

Mackay naye alishikwa na homa kali njiani, akarudishwa pwani. Wenzake waliendelea na safari, yeye akabaki nyuma. Mtu angeweza kudhani kwamba Mungu amemweka kando. Lakini mwaka 1877 alishika shoka pamoja na vibarua wake, wakafungua njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, karibu kilomita 370. Hata kazi hiyo haikwenda kama alivyotumaini, maana magari yalikwama matopeni na ng'ombe wakafa.

Kisha habari mbaya zikafuatana. Daktari John Smith alikufa kando ya ziwa. Desemba 1877 Shergold Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe. Wengine wawili walikuwa wamerudi kwao kwa ugonjwa. Katika wanane wakabaki wawili, Wilson na Mackay. Ndipo Mackay alipovuka Ugogo na kufika ziwani mwaka 1878. Alikwenda Ukerewe kwenyewe, si kulipiza kisasi, bali kuzungumza kwa amani na mtawala wake, Lukonge.

Huko Uganda alifundisha watu kusoma, akapiga chapa Maandiko kwa Kiganda. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa Kanisa, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mwezi wa Oktoba Askofu Hannington aliuawa Busoga. Mwaka 1887 Mackay alilazimika kuondoka, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Huko nako, Machi 1888, Askofu Parker alifariki na kuzikwa. Mackay aliombwa arudi kwao apumzike, lakini hakutaka kuiacha kazi bila mtu. Homa ilimwua tarehe 8 Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Tangu alipotoka Uingereza hakurudi tena. Baadaye mifupa yake ilihamishiwa Namirembe.

Ndugu zetu, hatusomi kwamba Mackay alipewa sababu ya vifo vile vyote. Alilia, tena kwa uchungu. Lakini kila mlango ulipofungwa, alitazama kazi iliyokuwa karibu na mkono wake: leo njia, kesho mashua, keshokutwa herufi za chapa. Ndivyo alivyoongozwa, hatua kwa hatua, bila kuonyeshwa mwisho wa safari. Leo Kanisa la Uganda lina mamilioni ya waumini, naye alikufa bila kuliona jambo hilo.

Basi mwenye msiba asione haya kulia. Na akishindwa kuona mbali, aombe nuru ya kutosha kwa kazi ya leo: kulima shamba, kulea yatima, kumtembelea mgonjwa. Nasi wengine tusimwache atembee peke yake.

Bwana awafariji wote wanaoomboleza katika mtaa wetu. Amina.