Jenerali Hakumwonea Haya Binti Yake
Kibera na Kawangware wako akina baba ambao, mtoto akizaliwa na Down sindromu, humwachia mama malezi na kutoroka. Na wamtazame Jenerali Charles de Gaulle, aliyezaliwa mwaka 1890 na kuwa Rais wa Ufaransa tangu 1959 hadi 1969. Binti yake Anne, aliyezaliwa 1928, alikuwa na hali hiyo. Jenerali na mkewe Yvonne walikataa kumtenga, wakamlea nyumbani. Askari yule mkali alimwimbia na kucheza naye. Wakaanzisha pia makao ya wasichana maskini wenye ulemavu wa akili. Anne alifariki 1948, mwenye umri wa miaka 20. Jenerali alipofariki 1970, alizikwa kando yake. Mlezi, basi, si mama peke yake.